Kufunga kwa Ajili ya Kipimo cha Sukari: Maana Yake, Masharti Yake na Hukumu Zake

 

Miongoni mwa masuala wanayoulizwa maimamu wa Kisiwa cha Mafia, kuanzia Kilindoni mpaka Bweni, na katika visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, ni suala la kipimo cha sukari kinachofanywa mtu akiwa amefunga. Mtu huambiwa na muuguzi, "Kesho uje umefunga," akarudi nyumbani na maneno hayo, na kila mmoja huyafahamu kwa namna yake. Mmoja hutia nia ya saumu, akaamka usiku wa manane kula daku, kisha asubuhi akaenda kupimwa. Wa pili hagusi hata tone la maji tangu Magharibi, akafika hospitali koo limemkauka na kichwa kinamwuma. Wa tatu, ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, husema, "Mimi nimekwisha kufunga," akaenda kupimwa saa 2 asubuhi ilhali daku ameimaliza saa 10 na nusu. Wa nne hakatai ugonjwa wala dawa, lakini hakubali kutolewa damu mchana wa Ramadhani kwa kuchelea kuharibikiwa na saumu yake.

Wote wanne wametaka kheri. Lakini wa kwanza na wa tatu watarudi na jibu lisilotegemewa, wa pili amejitesa bila ya sababu, na wa nne amebaki hajui hali yake. Jambo hili si dogo, kwa sababu juu ya jibu la kipimo hicho hujengwa mambo mazito: mtu kuanzishiwa dawa za maisha, au kuachwa bila ya dawa wakati maradhi yanamla ndani kwa ndani, na tena kuruhusiwa au kukatazwa kufunga Ramadhani. Ndiyo maana tumeona tulieleze suala hili kwa mpangilio ule ule tuliozoea kuusomea fiqhi: maana ya neno, kisha masharti, kisha yanayobatilisha, kisha hukumu.

Neno "kufunga" na maana zake

Wanafunzi wa fiqhi wanajua kwamba kila mlango huanza kwa kuelezwa neno katika lugha na katika istilahi ya sharia. Saumu katika lugha ya Kiarabu ni kujizuia na jambo lolote lile. Katika Suratu Maryam, aya ya 26, Bibi Maryam aliamrishwa aseme kwamba ameweka nadhiri ya saumu kwa Mwingi wa Rehema, na saumu iliyokusudiwa hapo ni kujizuia na maneno. Ama katika sharia, saumu ni kujizuia na yanayofunguza, kuanzia kuchomoza kwa alfajiri ya kweli mpaka kuchwa kwa jua, pamoja na nia, na kwa masharti yake maalumu.

Muuguzi anapomwambia mtu aje amefunga, hakusudii maana hii ya pili. Anakusudia kujizuia na chakula, na na kila kinywaji chenye sukari au lishe, kwa muda usiopungua saa 8 kabla ya kutolewa damu. Kufunga huku hakuna nia ya ibada ndani yake, hakuanzi alfajiri, na maji matupu hayakufungui. Saa zake nyingi hupita usiku mtu akiwa amelala.

Kwa hiyo mambo haya mawili hukutana kwa jina na hutengana kwa mwanzo, mwisho na masharti. Mtu aweza kuwa amefunga kisharia asiwe amefunga kwa kipimo, kama aliyekula daku karibu na adhana ya Alfajiri. Na aweza kuwa amefunga kwa kipimo asiwe amefunga kisharia, kama aliyekula saa 2 usiku akalala, akaamka akanywa maji na kwenda hospitali. Tunawanasihi wauguzi wetu waseme waziwazi: "Usile chochote tangu saa fulani ya usiku, maji matupu unywe." Maneno haya hayamkanganyi mtu.

Maradhi yenyewe na habari zake za kale

Kisukari si maradhi mapya wala si ya watu wa mjini peke yao. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliyataja kwa jina lenye maana ya mkojo wa asali, na waliona kuwa sisimizi huufuata mkojo wa mgonjwa, jambo ambalo wazee wetu wa pwani nao wamelijua. Wayunani waliyaita maradhi haya diabetes kwa sababu maji hupita katika mwili wa mgonjwa kama yanayopita ndani ya mfereji. Jina hilo liliingia katika Kiarabu, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), aliyaeleza katika kitabu chake al-Qanun. Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 629 Hijria (1231), aliyaandikia risala mahususi. Matabibu wa zama hizo walikuwa wakiutazama mkojo ndani ya chupa waliyoiita qarura, kuangalia rangi yake, uzito wake na harufu yake, na kutokana na hayo walitafuta dalili za maradhi.

Mwaka 1776 tabibu wa Kiingereza, Matthew Dobson, alibainisha kwamba utamu ule ni sukari, na kwamba sukari hiyo imo pia katika damu ya mgonjwa. Dawa ya insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mwaka uliofuata mgonjwa wa kwanza akachomwa sindano yake. Kabla ya hapo kijana aliyepatwa na kisukari kikali hakuwa na muda mrefu wa kuishi. Leo tone moja la damu la ncha ya kidole hutoa habari ambayo qarura haikuweza kuitoa.

Katika nchi yetu, utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta katika vijiji 6 vya Tanzania Bara kwamba wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja kwa kila watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1 wakiwa na sukari iliyopanda. Tafiti hizi mbili hazikuwapima watu wa umri ule ule wala mahali pale pale, na hivyo haifai kuzilinganisha kana kwamba ni mizani moja. Hata hivyo zinatosha kutuonyesha kwamba maradhi tuliyokuwa tukiyasikia kwa mbali sasa yamo majumbani mwetu.

Wapo wanaosema kwamba jina la Mafia limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya afya. Iwe ni kweli au ni hadithi ya watu tu, afya ni amana. Imepokewa kwa Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alizitaja afya na faragha kuwa ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika ndani yake.

Kwa nini damu ipimwe tumbo likiwa tupu

Mtu anapokula wali, muhogo, mkate au tende, chakula hicho hugeuzwa sukari na kuingia katika damu. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini, nayo huifungulia sukari mlango wa kuingia mwilini ili iwe nguvu. Baada ya kula, sukari ya kila mtu hupanda, mzima na mgonjwa, na hupanda kwa kadiri ya alichokula. Ukimpima wakati huo umepima chakula chake pamoja na mwili wake, na huwezi kuvitenganisha kwa urahisi.

Zikipita saa 8 au zaidi, chakula cha usiku kimekwisha kazi yake. Sukari inayobaki katika damu hutolewa na ini, ambalo huiweka akiba na kuitoa kidogo kidogo ili ubongo na moyo visikose. Kwa mtu mzima, insulini hulizuia ini lisizidishe. Kwa mwenye kisukari, ama insulini ni chache au mwili hauitii, na ini humwaga sukari kupita haja. Ndipo utakuta mtu hajala kitu usiku kucha na sukari yake iko juu. Hilo ndilo linalotafutwa na kipimo hiki: namna mwili unavyojiendesha wenyewe pasipo msaada wala lawama ya chakula.

Kwa maelezo haya utafahamu kwamba anayejinyima wali kwa siku mbili ili "apate jibu zuri" anajidanganya mwenyewe. Ale kama kawaida yake siku za kabla, kisha ajizuie kwa usiku ule mmoja.

Masharti ya kipimo na yanayokiharibu

Sharti la kwanza ni muda. Usipungue saa 8, na usirefushwe sana kupita saa 14. Kwa mtu wa Mafia lililo jepesi ni ale chakula chake cha usiku baada ya Isha, amalize mnamo saa 2 usiku, na apimwe kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi.

La pili ni kwamba kisiingie tumboni kitu chenye lishe. Maji matupu hayadhuru, na mwenye kutoka Jibondo au Juani alfajiri, akavuka kwa chombo hadi Utende na kushika njia ya Kilindoni, asijinyime maji. Lakini dafu si maji. Watu wengi husahau jambo hili kwa kuwa minazi imetuzunguka, na maji ya dafu yana sukari. Vivyo hivyo chai, hata kikombe kidogo, na asali. Mwenye kunywa kombe alfajiri ajue kwamba likitiwa asali limekwisha kukiharibu kipimo chake. Alinywe baada ya kutolewa damu.

La tatu ni utulivu. Asiwe ametoka kufanya kazi nzito wala kuvuta sigara, na akifika aketi apumzike kidogo. Mwenye homa kali, jeraha kubwa au maradhi mengine ya ghafla asubiri apone, kwa sababu maradhi hayo yenyewe huweza kupandisha sukari kwa muda.

La nne ni usafi wa kidole. Mtu aliyemenya embe au aliyeshika tende au halua akachomwa kidole bila kunawa, mashine itaisoma sukari ya kidole pamoja na ya damu. Anawe kwa maji na sabuni na kukausha vizuri. Na vibanzi vya kupimia vihifadhiwe katika kichupa chake kilichofungwa, kwani unyevu wa hewa ya pwani huviharibu, na visitumike baada ya muda wake kwisha.

La tano linamhusu ambaye tayari anatumia dawa za kisukari. Asimeze dawa wala kujichoma insulini kisha akakaa na njaa akingoja kupimwa, maana sukari yaweza kushuka akaanguka. Amwulize mapema tabibu wake namna ya kufanya siku hiyo, na abebe dawa zake na chakula ili ale mara tu baada ya kipimo.

Namna ya kulisoma jibu

Jibu hutolewa kwa milimoli katika lita moja ya damu. Mashine nyingine huonyesha miligramu, na hizo ukizigawa kwa 18 utapata milimoli. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, sukari ya kufunga ikiwa chini ya 6.1 haihesabiwi kuwa na kasoro. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 mtu yumo katika mpaka: hajawa mgonjwa wa kisukari, lakini ameonywa. Ikifika 7.0 (yaani miligramu 126) au zaidi, hiyo ni dalili ya kisukari. Mama mjamzito ana hesabu yake peke yake, kwani kwake kasoro huanzia 5.1.

Wazee wanaokumbuka kwamba zamani mpaka ulikuwa 7.8 hawakukosea. Mpaka huo uliteremshwa hadi 7.0 mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya kuonekana kwamba macho na figo za watu huanza kudhurika kabla ya kufikia 7.8.

Hapa wanafunzi wa fiqhi watakumbuka kanuni yetu kwamba yakini haiondolewi na shaka. Asili ya mtu ni uzima, na namba moja ya mashine ya kidole haitoshi kumwondoa katika asili hiyo. Mashine hizi zimeruhusiwa kutofautiana na maabara kwa kiasi cha hadi asilimia 15, kwa hiyo iliyosoma 7.2 huenda kweli yake ni 6.4 au ni 8. Ndiyo sababu asiye na dalili yoyote hupimwa tena siku nyingine, na damu ya mshipa hupelekwa maabara, kama vile kadhi asivyohukumu kwa shahidi mmoja pale wanapotakiwa wawili. Ama mwenye dalili zilizo wazi, kama kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara usiku na kukonda bila sababu, huyo akipimwa wakati wowote, amekula au hajala, na sukari ikafika 11.1, hukumu yake imethibiti.

Kuna na kipimo kingine kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ambacho hakihitaji kufunga kabisa. Kikifika asilimia 6.5 ni dalili ya kisukari. Pale kinapopatikana huwaondolea watu mashaka mengi.

Masuala ya kifiqhi

Suala la kwanza: Je, kutolewa damu ya kipimo kunafunguza? Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wanayoyafuata watu wengi wa kisiwa hiki, kinachofunguza katika mlango huu ni kitu kuingia ndani ya mwili kupitia tundu lililo wazi, kwa makusudi. Kuchoma kidole ni kutoa, si kuingiza. Karibu zaidi na suala hili ni kuumika. Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliumikwa hali amefunga, na Anas (r.a.) alipoulizwa kama walikuwa wakichukia kuumika kwa mwenye kufunga, alijibu kuwa sivyo, isipokuwa kwa sababu ya kudhoofika. Imamu Abu Hanifa, Malik na Shafi wamekwenda kwamba kuumika hakufunguzi. Imamu Ahmad amesema kunafunguza, kwa Hadithi nyingine ambayo jamhuri ya wanavyuoni wameifanyia taawili au wameiona imefutwa. Ikiwa damu ya kuumika, ambayo ni nyingi, haifunguzi kwa kauli ya jamhuri, basi tone la kidole au kichupa kidogo cha mshipa ni bora zaidi lisifunguze. Mwenye kukaa siku nzima na wasiwasi wa jambo hili na aondokane nao.

Suala la pili: Vipi ule uji wa sukari wa kipimo cha saa 2? Baadhi ya watu hupewa kunywa gramu 75 za sukari iliyoyeyushwa katika maji, kisha hupimwa tena baada ya saa 2. Hicho ni kinywaji, na kunywa kunafunguza bila hitilafu yoyote. Kipimo hiki kisipokuwa cha dharura kicheleweshwe mpaka baada ya Ramadhani.

Suala la tatu: Aliyefunga Ramadhani apimwe saa ngapi? Aliyekula daku saa 10 alfajiri ana saa 4 tu ifikapo saa 2 asubuhi, na jibu lake haliwezi kusomwa kwa hesabu ya 7.0. Akingoja hadi baada ya saa 6 mchana atakuwa ametimiza saa 8, lakini hesabu tulizozitaja zimewekwa kwa damu ya asubuhi baada ya usingizi, na sukari ya kufunga ikipimwa alasiri huelekea kuwa chini kidogo, hivyo mgonjwa aweza kuonekana mzima. Hatumshauri mtu aiache daku kwa ajili hii, kwani ni sunna yenye baraka. Lililo bora ni kupimwa katika Rajabu, wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani, ili muda wa kurekebisha dawa upatikane. Mwenye dalili kali asingoje: apimwe siku hiyo hiyo bila kujali saa, na amweleze muuguzi alikula lini.

Suala la nne: Je, aweza mtu kukusanya saumu ya sunna na kipimo? Aweza. Aliyezoea Jumatatu na Alhamisi akila mara ya mwisho saa 3 usiku, akatia nia na kupimwa asubuhi, amepata yote mawili. Lakini asidhani kwamba kujizuia kwa ajili ya kipimo pekee bila ya nia kumempatia saumu.

Suala la tano: Je, damu hiyo inatengua udhu? Kwa Mashafi, damu inayotoka pasipokuwa njia mbili haitengui udhu. Damu yenyewe ni najisi, lakini iliyo kidogo husamehewa, na akiisafisha kabla ya Sala ni bora. Kwa Mahanafi, damu ikitiririka ikatoka mahali pake hutengua udhu, na anayefuata madhehebu hayo atawadhe.

Baada ya jibu: nani afunge na nani asifunge

Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, amewapa wagonjwa ruhusa ya kula na kuzihesabu siku nyingine, na akabainisha kwamba anatutakia mepesi wala hatutakii mazito. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 29, ametukataza kuziua nafsi zetu. Anayeng'ang'ania kufunga hali tabibu mwaminifu amemweleza kuwa atadhurika asidhani kwamba amezidisha uchamungu.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 19 kilichofanyika Sharjah mwezi Aprili 2009, lililitazama suala hili pamoja na matabibu na kuwagawa wenye kisukari katika makundi manne. Makundi mawili ya kwanza ni ya wale ambao madhara kwao ni ya yakini au yanadhaniwa kwa nguvu, kama aliyeanguka kwa sukari kushuka sana karibuni, mwenye figo zilizokwisha kudhurika, au mjamzito anayetumia insulini. Hao haiwafalii kufunga. Makundi mawili ya mwisho ni ya wale ambao sukari yao imetulia na hatari yao ni ndogo au ya wastani, na hao hawaruhusiwi kula mchana wa Ramadhani kwa sababu ya jina la ugonjwa tu. Tabibu ndiye anayemweka mtu katika kundi lake. Kwa hiyo namba iliyotoka asubuhi moja haitoshi kuwa fatwa, wala kukatazwa tende hakumaanishi kukatazwa saumu.

Mwenye kisukari anayefunga anatakiwa ajipime mchana. Sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda kupita 16.6, matabibu wamemtaka afungue mara moja, hata kama imebaki nusu saa Magharibi iingie. Atailipa siku hiyo na hana dhambi. Asiye na mashine azijue alama: jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, macho kuingia kiza na akili kuchanganyikiwa. Na ambaye tabibu amempa habari kwamba hataweza kufunga tena maishani, atatoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula cha mji wake kwa kila siku, ampe masikini.

Wajibu wa maimamu na walimu

Watu wetu humwendea sheikh kabla ya kumwendea daktari. Mtu akikonda na nguvu kumwishia, akawa na kidonda cha mguu kisichopona, mara nyingi fikira ya kwanza ya jamaa zake ni jicho la hasidi au jini. Hatukanushi athari ya jicho wala manufaa ya kusomewa Qur'ani. Lakini Mabedui walipomwuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu na akawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Sheikh anayesoma ruqya na papo hapo akamwambia mgonjwa, "Asubuhi usile, nenda Kilindoni wakakupime sukari," amemfanyia mambo mawili ya sunna. Anayemzuia asiende amejibebesha dhamana ya mguu utakaokatwa na macho yatakayopofuka.

Tuwe waangalifu pia na asali. Qur'ani katika Suratun Nahl, aya ya 69, imetaja kuwa ndani yake mna poza kwa watu. Haikusema kwamba kila mgonjwa anywe kiasi apendacho. Asali hupandisha sukari ya damu, na kumwambia mwenye kisukari kwamba haitamdhuru kwa kuwa ni dawa ya Mtume (s.a.w.) ni kusema bila ya elimu. Tende na kaimati za futari nazo zina hukumu hiyo hiyo: akifungulia tende moja amepata sunna, na sahani nzima haimzidishii thawabu.

Basi tunapendekeza kwamba katika khutba moja ya Rajabu au Shaaban, maimamu wa Kilindoni, Kirongwe, Baleni na kwingineko wawatangazie watu mambo matatu: wenye umri wa zaidi ya miaka 40, wanene, na wenye wazazi au ndugu wenye kisukari wakapimwe kabla ya Ramadhani, kufunga kwa kipimo ni kutokula usiku, na maji yanaruhusiwa, na damu ya kipimo haivunji saumu. Dakika tano za mimbari huenda zikamwondolea mtu taabu ya miaka mingi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atuhifadhie afya tulizonazo, na atujaalie tuifikie Ramadhani hali tunaijua miili yetu na tunaijua dini yetu. Wallahu aalam, wa billahi tawfiq.